Sindano ya sukari si ndia ya mwisho

Mamangu alikaa karibu miaka miwili akiikataa insulini, ile dawa ya sukari ya kuchoma sindano. Na si mtu asiyejua mambo, ni mwanamke aliyelea watoto sita kwa kuuza mahamri na mbaazi hapa Langoni, Lamu, hesabu zake zote ziko kichwani, lakini kila akienda kliniki akisikia neno sindano anajifunga buibui lake huyo anatoka. Siku moja nikamkalisha barazani, nikamuuliza mama kwani una nini na hii sindano, akaniangalia kama mtu anayemfundisha mtoto jambo la wazi kabisa, akanambia kwa Kiamu chake: "Mwanangu, sindano ndiyo ndia ya mwisho." Yaani njia ya mwisho, ukishaishika kilichobaki ni kufa.

Maneno haya nimeyasikia Mkomani, nimeyasikia Shela, na hata jamaa zetu wa Malindi wanayo kwa namna yao. Mtu akianzishwa insulini watu wanaanza kuja kumtazama kama mgonjwa wa kuagwa. Nataka tukae nayo hii kauli tuifungue, manake ndani yake kuna hofu nyingi zimefungwa fundo moja, zingine hazina msingi, zingine zina msingi kweli na zinataka jibu la kweli, na watu wetu wanaumia macho na figo wakisubiri hilo fundo lifunguke lenyewe.

Tuanze na mwili unavofanya kazi, bila hapo mengine hayataeleweka. Fikiria gati yetu hapo mbele siku jahazi limeingia na mizigo. Chakula unachokula ndo jahazi, sukari ndo magunia yanayoshushwa, na gati yenyewe ndo damu yako. Magunia hayana miguu, hayawezi kujipeleka majumbani, yanataka mahamali. Insulini ndo hao mahamali, na tajiri anayewaandika kazi ni kongosho, kiungo kimelala huko nyuma ya tumbo. Sasa kwenye kisukari cha aina ya pili kinachoharibika mwanzo ni milango ya nyumba, inakuwa mizito, hamali anabisha na kubisha hafunguliwi, kwa hivo kazi iliyokuwa ya watu kumi inataka ishirini, na kongosho linaandika watu zaidi na zaidi, mwaka baada ya mwaka, na wewe muda wote huo unajiona mzima tu unakula wali wako wa nazi. Halafu linachoka. Mahamali wanapungua siku kwa siku na magunia yanarundikana gatini.

Kuna utafiti mkubwa ulifanywa Uingereza, ukaanza 1977 na matokeo yake makubwa yakatoka 1998, watu zaidi ya 5,000 ambao walikuwa wamegunduliwa kisukari cha aina ya pili karibuni. Kimoja kilichoonekana ni kwamba siku mtu anaambiwa una sukari, kongosho lake lishapoteza karibu nusu ya nguvu zake. Siku ya kwanza hiyo, hata kidonge cha kwanza hajameza! Na kufika miaka tisa, robo tatu ya watu dawa moja ilikuwa haiwatoshi tena. Hao hawakuwa wakaidi wala walafi, ni ugonjwa wenyewe ndivo unavotembea.

Ndo maana vidonge vina mwisho wake. Metfomini kazi yake kubwa ni kuliambia ini liache kumwaga sukari ya akiba ovyo, na inalainisha ile milango kidogo. Glibenklamaidi inampigia kelele tajiri alete mahamali zaidi. Sasa ikifika mahali tajiri hana tena watu wa kuleta, umpigie kelele mpaka sauti ikauke, atakupa nini? Hapo unaleta mahamali kutoka nje. Hiyo tu ndo sindano. Si sumu na si kitu kigeni, ni kile kile ambacho mwili wako umekitengeneza tangu uko tumboni kwa mamako, sasa unaongezewa kilichopungua.

Na hapa niseme jambo linaloniuma. Kuna mhudumu mmoja, mahali sitapataja, alimwambia mamangu mbele yangu, "mama usipoacha hayo mahamri yako ntakutia kwenye sindano." Mamangu alinyamaza kimya njia nzima mpaka nyumbani. Yule mhudumu nafikiri alitaka kumsaidia, lakini tangu siku ile insulini kwa mamangu ikawa bakora, yaani adhabu ya mtu aliyeshindwa, na nani atakubali adhabu huku akijua hana kosa? Kama wewe ni mtu wa afya unasoma hapa nakuomba sana, usiitishie watu dawa. Mwambie mtu tangu mwaka wa kwanza kwamba huu ugonjwa unasogea, huenda siku moja utahitaji insulini, na siku hiyo ikifika haitakuwa kwa sababu wewe ni mbaya.

Sasa ile hofu kubwa. "Fulani alipigwa sindano mguu ukakatwa." "Fulani alianza insulini akapofuka." Watu hawasemi uongo, waliona kwa macho yao, ila wameona mwisho wa hadithi tu. Nikupe ya mzee mmoja wa mtaani kwetu, mvuvi. Sukari aliambiwa anayo, vidonge akawa anameza akikumbuka, miaka minane hivi. Siku moja akakanyaga mwiba wa samaki pale ufukoni asisikie chochote, manake sukari ikikaa juu muda mrefu inaua hisia za nyayo, akatembea na kidonda siku tisa, mpaka binti yake akasikia harufu. Kufika hospitali sukari iko juu sana, kidonda kimeoza, wakamuanzisha insulini hapo hapo kwa sababu mwili wenye uambukizo mkubwa hivo vidonge haviudhibiti, na wiki ya pili mguu ukakatwa chini ya goti. Sasa mtaa mzima uliona nini? Uliona sindano Jumatatu, mguu umeondoka wiki ya pili. Ile miaka minane hakuna aliyeiona, sukari haipigi kelele. Sindano ilifika wakati nyumba ishashika moto, na mwenye kuleta maji ndo akalaumiwa kwa moto.

Ule utafiti wa Uingereza uliliangalia na hili, waliodhibitiwa sukari kwa nguvu, wengine kwa vidonge wengine kwa insulini, hatari yao ya madhara ya mishipa midogo, yaani macho na figo na mambo kama hayo, ilishuka kwa robo ukilinganisha na wale waliotibiwa kwa njia ya kawaida. Na mwaka 2012 yakatoka matokeo ya utafiti mwingine wa watu zaidi ya 12,500 katika nchi nyingi, nusu yao wakipigwa insulini kila siku kwa miaka kama sita, haikuwaongezea maradhi ya moyo wala saratani. Kwa hivo hili la kuua tuliweke pembeni.

Halafu mamangu akaja na suali ambalo kliniki hakuthubutu kuliuliza. Akanambia, "Nasikia yatoka kwa nguruwe." Hili si la kupuuzwa. Insulini iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921, na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa wa kwanza kutibiwa nayo, kabla ya hapo dawa ilikuwa kunyimwa chakula mpaka ufe taratibu kwa njaa badala ya haraka kwa sukari. Na miaka mingi baada ya hapo ilikuwa kweli inatolewa kwenye makongosho ya ng'ombe na nguruwe, hao waliosema hawakubuni. Lakini mwaka 1982 Marekani ikapitisha insulini ya binadamu inayotengenezwa na vijidudu, wanasayansi wanachukua ile maelekezo ya mwili wa mtu wanaitia ndani ya bakteria au ndani ya hamira, basi hivo vijidudu vinakuwa viwanda. Hizi Mixtard na Insulatard na Actrapid watu wanazopewa hapa kwetu zinatoka kwenye hamira. Nilipomwambia hivi alikuwa anakanda unga, mikono nyeupe mpaka kwenye viwiko, akasita. "Hamira hamira? Hii?" Akaonyesha kwa kidevu kile kikopo kilichokuwa juu ya meza. Nikamwambia ndio, hamira ya jamii hiyo hiyo. Akarudi kukanda, hakusema tena kitu, lakini nafikiri pale ndipo aliponikubalia.

Kuhusu maumivu sitasema sana. Watu wanafikiria ile sindano ya makalioni ya penisilini, wanaume wazima wanalia. Hii ya insulini ni nyembamba kama unywele mnene na fupi, inaingia kwenye mafuta ya chini ya ngozi tu, tumboni mbali na kitovu vidole viwili hivi, au pajani. Kuchoma kidole kupima sukari kunauma zaidi. Usiku wa kwanza mamangu alikaa kwenye kitanda, nikamuonyesha kuiviringisha ile chupa viganjani taratibu mara kumi hivi, manake hii ya usiku ina ukungu kama maziwa na lazima ichanganyike, ila haitikiswi, nikavuta yuniti 10 kwenye bomba, akakunja ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akafumba macho akaanza kusoma. Nikachoma, nikahesabu mpaka kumi, nikatoa. Yeye bado kafumba macho. "Piga basi mwanangu, wanichelewesha ya nini?" Nikamwambia mama nshamaliza.

Muhimu hapa, badilisha mahali kila siku, ukichoma pale pale ngozi inafanya uvimbe mgumu na dawa hainyonyeki vizuri. Na bomba liwe la insulini, lile lililoandikwa yuniti 100 kwa mililita, usije ukavuta na bomba la kawaida, makosa yake ni makubwa. Sindano zilizotumika zitie kwenye chupa ngumu ya plastiki ya sabuni ifunikwe, irudishwe hospitali, watoto wetu wanakimbia peku kwenye hizi vichochoro jamani.

Yuniti 10 za usiku ndo mwanzo wa wengi, au kwa uzito wa mtu, halafu inaongezwa kidogo kidogo, mbili mbili kila siku chache, mpaka sukari ya asubuhi kabla ya kula ikae kwenye 4 mpaka 7 hivi, kwa mashine inayopima kwa mmol/L, na namba zote za sukari humu ni za kipimo hicho. Kwa hivo usishtuke ukiona namba inapanda kutoka 10 hadi 18 hadi 24. Kupanda si kuzidi kwa ugonjwa, ni kutafuta saizi yako, kama fundi anavokupima kanzu.

Sasa hofu yenye msingi kweli, sukari kushuka. Hii nataka ichukuliwe kwa uzito, na nyumba nzima iijue, si mgonjwa peke yake. Insulini ukipiga usile, au ukipiga ukafanya kazi nzito kuliko kawaida, au figo zimechoka na dozi haikupunguzwa, sukari inaweza kushuka chini ya 4. Utamuona mtu anatetemeka, jasho baridi, moyo unamwenda mbio, njaa ya ghafla, na wengine wanakuwa wakali bila sababu au wanaongea maneno yasiyoshikana. Hapo hapo mpe vijiko vitatu vya chai vilivyojaa sukari kwenye maji, au nusu glasi ya juisi, au soda ya kawaida isiwe ile isiyo na sukari. Usimpe halwa wala kaimati ukadhani ni tamu basi zitatosha, mafuta yanachelewesha. Subiri dakika 15, pima tena, bado iko chini rudia, ikipanda mpe chakula chenyewe. Na mtu akishapoteza fahamu usimtie kitu mdomoni hata kidogo, atapaliwa, mkimbize hospitali. Sisi nyumbani tuna kikopo cha sukari kiko kitandani kwa mamangu na kingine kwenye mkoba wake, mwaka wa kwanza kilimfaa mara mbili, zote alipanda kitandani bila kula sawasawa. Hofu hii ni ya kuishi nayo kwa akili, kama baharia anavoishi na kusi, haachi bahari.

Na saumu. Hapa Lamu huwezi kuzungumza insulini usiguse Ramadhani. Kwanza, kujichoma kidole kupima hakufunguzi. Sindano yenyewe, Baraza la Fikihi la Kiislamu la kimataifa lilikaa Jeddah mwaka 1997 likasema sindano za chini ya ngozi hazifunguzi, ila zile za kulisha kama dripu za chakula. Pili, kufunga ama kutofunga ni jambo la kukaa na daktari mwezi mmoja au miwili kabla, si usiku wa kuandama mwezi, manake saa za dawa zinahama na dozi mara nyingi inapunguzwa, aliyekuwa anapiga usiku anahamishiwa kwenye futari, na hilo usijikadirie mwenyewe. Tatu, ukipima mchana ukakuta iko chini ya 3.9 au imepita 16.6, funguza saa hiyo hiyo hata kama imebaki nusu saa adhana ya magharibi. Mamangu alilia siku alipoambiwa mwaka huo asifunge, tukamuita mwalimu wake wa darsa akamsomea Al-Baqara aya ya 184 na 185, ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya aya zenyewe za saumu. Mwaka uliofuata dozi ilipotulia alifunga.

Mengine ni mafupi. Utazoea, hutaweza kuacha? Hii si muguka, hakuna uraibu, na kuna watu wanapewa kwa muda tu, wakati wa mimba, upasuaji, uambukizo, halafu wanaachishwa. Ukiendelea nayo maisha ni kwa sababu kongosho halirudi, si kwa sababu dawa imekunasa. Kunenepa, ndio inatokea, mara nyingi kilo 2 mpaka 4, kwa sababu ile sukari uliyokuwa unaikojoa sasa mwili unaitumia, kwa hivo wali upungue na miguu itembee. Na uwatu na mlonge na shubiri, sikukatazi kunywa ukimwambia daktari wako, nakukataza kuiacha insulini kwa ajili yake.

Miezi mitano baada ya mamangu kuanza, akaja mama mdogo kutoka Siyu, naye kaambiwa vile vile, vidonge vimefika mwisho. Kinachomsumbua yeye si ndia ya mwisho, hiyo mamangu alishaizungumza naye usiku kucha. Suali lake lilikuwa moja, na ni la mtu mwenye akili: "Mimi sina friji. Ntaiweka wapi?"

Chupa ambayo haijafunguliwa inataka friji, baridi ya kati ya nyuzi 2 na 8. Ile unayoitumia inakaa nje ya friji kama wiki nne hivi, karatasi ya ndani ya boksi itakwambia, mradi isipate jua wala joto kali. Na mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliohusu kambi ya wakimbizi ya Dadaab, hapo Garissa kwa jirani zetu, madaktari wasio na mipaka pamoja na chuo kikuu cha Geneva waliiweka insulini kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya 25 na 37 kwa wiki nne, kama lile la kwenye nyumba za kambini, na nguvu yake ikabaki karibu vile vile. Kwetu Lamu joto halifiki huko siku nyingi. Adui mkubwa wa insulini visiwani hata si joto, ni barafu. Watu wanaichukua mjini wanaitumbukiza kwenye boksi la barafu la samaki wakidhani wanaihifadhi, inagusana na barafu inaganda, na ikishaganda imekufa, hata ikiyeyuka ukaiona nzima usiitumie.

Tukampangia hivi: chupa ya akiba inabaki kwenye friji ya kituo cha afya, anachukua moja moja. Ile ya kutumia inaingia kwenye kikopo kikavu chenye mfuniko, kikopo ndani ya mtungi mdogo, mtungi mdogo ndani ya mkubwa, katikati mchanga unaomwagiwa maji asubuhi na jioni, kitambaa kibichi juu, mahali penye upepo na kivuli. Hewa yetu ina unyevu kwa hivo mtungi haufanyi baridi ya friji, lakini ule ukali wa saa nane mchana unaukata, na hiyo ndo inayotakikana.

Mamangu akamtolea mtungi wake mwenyewe, ule wa maji ya kunywa aliokuwa nao tangu aolewe. Usiku ule akamuonyesha kukunja ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akamchoma yeye, na mama mdogo akafumba macho. Asubuhi wakashuka gatini pamoja, boti ya Mtangawanda inangoja maji yajae, chupa iko ndani ya mkoba imeviringwa kwenye leso kavu, na kikopo cha sukari pembeni yake.